Kima punju na konde la jirani: nani alipie ulinzi wa Jozani?

*Na Mwandishi Wetu, Chwaka*

Jua likishapanda juu ya minazi ya Pete, kusini ya msitu wa Jozani, kundi la kima punju hutoka msituni likaingia mashambani. Haliji kwa kunyemelea. Madume hutangulia kwenye mikungu iliyo karibu na nyumba, majike wenye watoto vifuani hufuata, na muda si mrefu matawi ya shamba zima yanayumba. Ni kima wa mgongo mwekundu, mabega meusi na nywele nyeupe zilizosimama kuuzunguka uso.

Mmoja huparamia mnazi hadi kileleni. Mkono wake hauna kidole gumba cha kufaa, kwa hiyo hukikumbatia kidaka kwa vidole vinne, hukigeuza, hukitafuna upande wa kikonyo palipo laini, kisha hukiachia. Kinatua kwenye makuti makavu. Mara kingine. Asubuhi moja inatosha kuliacha shina la mnazi limezungukwa na vidaka vyenye alama za meno.

Hatua chache kutoka hapo, kwenye njia ya miguu, wageni waliolipa kiingilio wananyanyua simu zao kumpiga picha kima huyohuyo. Mgeni anamwona mnyama ambaye nje ya visiwa vya Zanzibar hamkuti mwituni popote duniani. Mwenye shamba anaziona nazi ambazo hazitafika sokoni Darajani. Wote wawili wanautazama mti mmoja.

Kutoka Pete hadi Chwaka, kutoka Kitogani hadi Charawe na Ukongoroni, maelfu ya wananchi wanaishi na kulima pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Wanyama wa hifadhi hiyo hawajui mpaka ulipo. Swali linaloulizwa vijijini ni jepesi kulitamka na zito kulijibu: gharama ya kuishi na wanyama hawa ibebwe na nani?

## Bara tembo, Unguja kima

Linapotajwa neno la wanyamapori kuvamia mashamba, Mtanzania wa Bara humfikiria tembo. Pembezoni mwa Mikumi, Tarangire na Serengeti, kundi la tembo likiingia kwenye mahindi usiku mmoja, familia inapoteza chakula cha mwaka, na mara nyingine roho ya mtu.

Unguja haina tembo wa mwituni. Kisiwa hiki kiliwahi kuwa soko kuu la pembe za ndovu Afrika Mashariki katika karne ya 19, lakini zilizofika hapa ni pembe, tembo mwenyewe alibaki ng'ambo. Mgogoro wetu una sura ndogo zaidi: kima, nguruwe mwitu, na swala wadogo wa msituni.

Udogo wa mnyama haupunguzi uzito wa hasara. Mkulima wa maweni, anayepanda muhogo na mbaazi kwenye vishimo vya udongo katikati ya majabali, hana ekari kumi za kutegemea. Konde lake ni dogo, udongo wake ni haba, na mvua ya vuli humtupa mara kwa mara. Kima wawili watatu wakishinda humo siku mbili, hesabu yake ya msimu imevurugika.

Kuna tofauti nyingine kubwa, nayo ni ya kisheria. Tanzania Bara ina kanuni za mwaka 2011 zinazompa mwananchi kifuta jasho mazao yake yanapoharibiwa na wanyama wakali na waharibifu, na kifuta machozi anapojeruhiwa au kufiwa. Wanyamapori si jambo la Muungano. Zanzibar inaongozwa na sheria yake yenyewe ya misitu, Namba 10 ya mwaka 1996, na mkulima wa Charawe hawezi kuipeleka hasara yake kwa mamlaka za Bara.

> Udogo wa mnyama haupunguzi uzito wa hasara.

## Mnyama asiye na kwao kwingine

Dunia ya sayansi ilimtambua rasmi punju mwaka 1868, akapewa jina la John Kirk, daktari na mwanadiplomasia wa Uingereza aliyeishi Zanzibar miaka mingi. Wakati huo msitu ulikuwa umefunika sehemu kubwa zaidi ya kisiwa. Mashamba ya karafuu na minazi, ukataji wa kuni na mkaa, uchomaji wa chokaa na ujenzi viliupunguza mwaka hadi mwaka, punju akabanwa kusini na mashariki.

Jozani yenyewe imepita mikono mingi. Iliwahi kupasuliwa mbao kibiashara kabla ya kuwa msitu wa Serikali. Mwaka 1995 ulianza mradi wa uhifadhi wa Jozani na Ghuba ya Chwaka, Serikali ikishirikiana na shirika la CARE. Mwaka 2004 eneo la takriban kilomita za mraba 50 likatangazwa kuwa hifadhi ya taifa, ya kwanza Zanzibar, likiunganisha msitu wa mitondoo wa Jozani, vichaka vya maweni na mikoko ya Ghuba ya Chwaka. Mwaka 2016 UNESCO ililiingiza katika orodha ya hifadhi hai za dunia.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba punju waliobaki hawazidi 2,000. Kisha watafiti wa shirika la WCS, wakiongozwa na Tim Davenport, wakapita kisiwa kizima kwa miaka miwili, kundi kwa kundi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalikuta punju 5,862. Zaidi ya 4,000 kati yao walikuwa ndani ya maeneo yaliyohifadhiwa.

Ni habari njema, lakini haitoi nafasi ya kubweteka. Wote hao, pamoja na wachache waliohamishiwa msitu wa Ngezi, Pemba, katika miaka ya 1970, ndio punju wote wa ulimwengu. Bado wamo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Na waliobaki nje ya hifadhi, zaidi ya elfu moja na nusu, wanaishi katika ardhi ya watu: kwenye mashamba ya minazi, vichaka vya maweni na mikoko inayokatwa boriti.

Watafiti hao walipendekeza punju atangazwe mnyama wa taifa wa Zanzibar. Ni pendekezo zuri. Mkulima ataliunga mkono kwa moyo mmoja pale atakapoona kwamba mnyama wa taifa analishwa na taifa zima, wala halishwi na konde lake peke yake.

## Vidaka chini ya mnazi

Malalamiko ya nazi ni ya zamani kuliko hifadhi yenyewe. Mnazi hupita hatua nyingi: upunga, kidaka, kitale, dafu, koroma, hadi nazi kamili. Punju hula katika hatua za mwanzo. Anayevitazama vidaka vilivyotapakaa chini anaona mavuno yaliyokufa kabla ya kuzaliwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti Kirstin Siex na Thomas Struhsaker walilichunguza jambo hilo katika mashamba yaliyopakana na Jozani. Walihesabu vidaka vilivyoliwa, wakahesabu na nazi zilizovunwa. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1999, yaliwashangaza wengi: hawakuona dalili kwamba kima wanapunguza mavuno. Palipoliwa vidaka vingi, mavuno ya mwisho yalielekea kuwa mazuri zaidi.

Maelezo yao yalikuwa haya. Mnazi hutoa vidaka vingi kuliko unavyoweza kuvilea, na vingi hudondoka vyenyewe. Punju anapoondoa baadhi mapema, huenda anafanya kazi ya kupogoa, na vinavyobaki vinapata nguvu ya kukua.

Wahifadhi waliupokea utafiti huo kwa furaha. Wakulima wengi hawakuukubali kwa urahisi, na wana haki ya kusikilizwa. Utafiti ulihusu minazi, tena minazi ya eneo moja. Haukuhusu muhogo wa Ukongoroni, mbaazi za Charawe wala tungule za bondeni. Ofisa anayemjibu kila mkulima kwa utafiti wa nazi anamjibu swali ambalo hakuuliza.

Kuna na imani zinazomwandama punju. Wapo wazee wanaosema mti anaoula hufa, na kwamba nyama yake ni sumu hata kwa mbwa. Imani hizo zilimwekea uhasama, lakini pia zilimkinga: watu wengi hawakumtamani kwa kitoweo. Kadiri kizazi kipya kinavyoziacha, ndivyo ulinzi huo wa kimila unavyopungua, na sheria inabaki peke yake.

> Ofisa anayemjibu kila mkulima kwa utafiti wa nazi anamjibu swali ambalo hakuuliza.

## Kima yupi aliyeingia kondeni?

Katika msitu huo huo wa Jozani wanaishi kima wa aina nyingine, wale wa rangi ya kijivu wanaojulikana kila kijiji kwa ujanja wao. Hao hula karibu kila kitu. Hung'oa muhogo, huvunja mahindi mabichi, hubeba papai na ndizi mbivu, na wakifukuzwa hurudi mtu akigeuza kisogo.

Punju ameumbwa vingine. Tumbo lake lina vyumba vinne, na chakula chake huchachuka humo polepole. Matunda mabivu yenye sukari nyingi humdhuru. Kwa hiyo hutafuta majani machanga, vikonyo, maua na matunda mabichi. Mashambani hupenda zaidi mikungu na miembe.

Majani ya miti hiyo yana uchungu unaosumbua tumbo, na punju amejipatia dawa. Katika mashamba ya Jozani ameonekana akishuka hadi kwenye visiki vilivyoungua na mabaki ya matanuu ya mkaa, akaokota kipande, akapanda nacho na kukitafuna taratibu hadi midomo ikawa myeusi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulieleza kwamba mkaa huo hufyonza kemikali za majani. Watoto hujifunza kwa kuwatazama mama zao.

Wakulima wanasema punju nao hushuka kwenye majani machanga ya mazao, hasa kiangazi. Hilo halipaswi kukanushwa kwa hoja ya tumbo. Linapaswa kuchunguzwa kondeni, pamoja na mwenye konde. Lakini ikiwa kila uharibifu utaandikwa jina la punju, adhabu itamfikia asiye na kosa, na mharibifu halisi, kima wa kijivu au nguruwe mwitu, ataendelea na kazi yake.

Hapa ndipo palipo na pengo la wazi. Mkulima akiamka na kukuta mashina ya muhogo yamelala, anahitaji mtu wa kufika siku hiyo hiyo, atazame nyayo, atazame alama za meno, aandike. Alama hazisubiri. Mvua moja ikinyesha, ushahidi umekwenda.

## Wenye wageni na wasio na wageni

Lango la wageni liko Pete-Jozani, kando ya barabara kuu inayotoka mjini kwenda Paje na Makunduchi. Hapo kuna njia za msituni, daraja la mbao juu ya mikoko, waongoza wageni, maduka ya vinyago na viungo. Sehemu ya mapato ya kiingilio hurudi vijijini kupitia jumuiya za uhifadhi, ikiwemo JECA, na jumuiya ya wakulima ya UWEMAJO ambayo wanachama wake ndio wenye mashamba wanamotembea kima.

Mpango huo ulikuwa wa busara. Ulianza pale wageni walipokuwa wakipelekwa kuwaona punju ndani ya mashamba ya watu huku mwenye shamba akitazama tu. Fedha ilipoanza kugawanywa, kima akawa na thamani akiwa hai. Zimejengwa skuli, zimevutwa huduma za maji, na vijana wamepata ajira.

Upande wa pili wa msitu hali ni nyingine. Charawe na Ukongoroni viko nyuma ya hifadhi, mbali na mabasi ya wageni. Chwaka iko magharibi ya ghuba, na maisha yake ni ngalawa, mwani na makonde ya maweni. Wananchi wa huko wamefungiwa sehemu ya misitu walimokuwa wakikata kuni, boriti na fito, na mikoko ya ghuba ina ulinzi. Kima na nguruwe wanawatembelea. Wageni wenye kamera hawawatembelei kwa wingi huo.

Mapato yanagawanywa kwa vijiji vinavyoizunguka hifadhi, lakini fedha ya maendeleo ya kijiji na hasara ya mtu mmoja ni mambo mawili. Kisima kikichimbwa kijijini, kila mtu anakunywa. Muhogo wa mama mmoja ukiliwa, analala na njaa yeye na wanawe. Mgao unaomnufaisha kila mtu kidogo haumfidii yule aliyepoteza kila kitu, na uchungu wa huyo mmoja ndio unaozaa mtego.

> Uchungu wa mmoja aliyepoteza kila kitu ndio unaozaa mtego.

## Usiku wa dungu

Wenyeji wana njia zao za kulinda, na ni za jasho. Msimu wa mazao kukaribia kukomaa, familia hujenga dungu katikati ya konde. Usiku wanaume hulala humo kumsubiri nguruwe. Mchana kazi ya kuwinga kima huwaangukia wanawake na watoto, wakipiga madebe na kurusha mawe kwa teo. Penye mawe mengi huzungushiwa bigili, ukuta wa mawe makavu unaomzuia nguruwe. Kima huuruka.

Gharama ya ulinzi huo haiingii katika hesabu yoyote ya Serikali. Mtoto aliyeshinda kondeni hakwenda skuli. Mama aliyeshinda akiwinga hakwenda kuvuna mwani wakati wa maji kupwa. Hata pale mazao yanapopona, familia imekwisha kulipa.

Bara, wakulima wa maeneo ya tembo wamejaribu uzio wa mizinga ya nyuki na kamba zilizopakwa pilipili, kwa sababu tembo huogopa nyuki na hukerwa na pilipili. Kima anapita juu ya miti, uzio haumhusu. Kinachoweza kumsaidia mkulima wa Unguja ni kuchagua cha kupanda na wapi: kuweka pembezoni mwa msitu mazao ambayo kima hayagusi sana, kusogeza muhogo na mahindi karibu na nyumba, na kushirikiana zamu za ulinzi baina ya makonde. Nyuki nao wana nafasi, ila kama kipato cha pembeni, asali ikiuzwa kwa wageni hao hao.

Wapo wanaosema kima wahamishwe. Hilo lilijaribiwa miaka ya 1970, baadhi wakapelekwa Ngezi na wengine Masingini. Kuhamisha kunapunguza kelele mahali pamoja na kuzianzisha pengine, na kisiwa hiki hakina msitu uliobaki tupu ukisubiri wageni.

## Barabara iliyokata msitu

Mkulima si adui mkubwa wa punju. Barabara ya lami iliyopita ukingoni mwa Jozani imewaua wengi. Kima huvuka kutoka msituni kwenda mashambani na kurudi, na dereva anayewahi Paje hana muda wa kuwasubiri.

Matuta yaliwekwa, na yamesaidia. Kwa makadirio ya watafiti, kabla ya matuta aligongwa kima mmoja kila wiki mbili au tatu. Baada yake ikawa takriban mmoja kila wiki sita. Kwa mnyama ambaye jike lake huzaa mtoto mmoja tu kwa kila miaka kadhaa, hata huyo wa kila wiki sita ni mwingi.

Zanzibar ilipokea zaidi ya watalii 700,000 mwaka 2024. Wanaolala pwani ya kusini mashariki, njia yao ni hii. Utalii unaomtangaza punju katika vipeperushi ndio unaoongeza magari yanayomgonga. Wenye hoteli na kampuni za kusafirisha wageni wana wajibu hapa: madereva wao wapunguze mwendo Jozani, na wageni wao wasimlishe kima wala kumsogelea kwa ajili ya picha, maana maradhi yetu humpata yeye kwa urahisi.

## Funzo la chui

Kisiwa hiki kimewahi kumpoteza mnyama wake mkubwa. Chui wa Unguja alikuwa mdogo kuliko wa Bara na madoa yake yalikuwa ya pekee. Alikula mbuzi na kuku, alitisha watoto, na watu waliamini kwamba wachawi wanamfuga ili kuwadhuru majirani.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, kampeni iliyoongozwa na mganga mashuhuri Kitanzi iliunganisha kusaka wachawi na kusaka chui. Chui alihesabiwa mharibifu, kuuawa kwake kukawa jambo la kusifiwa. Watafiti Martin Walsh na Helle Goldman, walioandika kwa kirefu juu ya historia hiyo, walimalizia wakiwa na matumaini haba kwamba yupo aliyesalia. Kizazi cha leo kinamjua kwa masimulizi, na kwa mmoja aliyekaushwa kwenye makumbusho mjini.

Haifai kuwalaumu wazee wetu kwa macho ya leo. Walikuwa na hofu ya kweli na hasara ya kweli, na hakuna aliyekuja kuwasikiliza na kuwapa njia nyingine. Funzo ni hilo. Mnyama akiachwa awe mzigo wa maskini peke yao, watu watautua mzigo huo kwa namna wanayoijua.

## Ardhi inazidi kubana

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 896,721 Unguja. Ile ya 2022 ikahesabu 1,346,332. Ndani ya miaka kumi wameongezeka karibu watu 450,000, katika kisiwa cha takriban kilomita za mraba 1,600. Wote wanahitaji nyumba, kuni, mkaa, matofali na ardhi ya kulima. Pwani hoteli zinapanda. Ndani ya kisiwa viwanja vinakatwa.

Punju haishi kwenye kisiwa kimoja cha miti. Makundi yanahitaji kuvuka baina ya Jozani, vichaka vya Ukongoroni na Charawe, mikoko ya Uzi, na misitu ya kaskazini ya Chwaka hadi Kiwengwa na Pongwe. Vichochoro hivyo vikikatwa, kila kundi litabaki limefungiwa, litadhoofika kwa kuzaliana lenyewe kwa lenyewe, na litazidi kuyaingia mashamba kwa kukosa pengine pa kwenda.

Vichochoro hivi ni ardhi ya jamii. Mikataba ya usimamizi wa misitu ya jamii, iliyopanuliwa wakati wa mradi wa uhifadhi wa misitu wa HIMA kuanzia mwaka 2010, iliwapa wanashehia mamlaka ya kulinda na kutumia misitu yao kwa mpango. Ahadi ya kulipwa fedha za hewa ukaa kwa kutokata misitu ilitia watu moyo. Mwanakijiji aliyeacha kukata mkaa kwa sababu ya ahadi anastahili kuona matunda, la sivyo ahadi ijayo haitasikilizwa.

## Nini kifanyike

Kenya ilipitisha sheria mwaka 2013 inayoahidi fidia ya hadi shilingi milioni tano za Kenya kwa familia ya aliyeuawa na mnyamapori, pamoja na fidia ya mazao. Ilikuwa ahadi nzito, na madai yakalimbikizana kwa miaka huku wananchi wakisubiri. Zanzibar ina nafasi ya kujifunza: heri fidia ndogo inayolipwa kwa wakati kuliko kubwa inayobaki kwenye makaratasi.

Jambo la kwanza ni mfuko wa hasara za mazao, uliotengwa na mgao wa maendeleo ya vijiji. Sehemu ya kila kiingilio cha Jozani iingie humo moja kwa moja, na hoteli za pwani zinazouza ziara za Jozani zichangie. Kima wanawaletea wageni. Ni haki wenye hoteli nao wakachangia chakula cha kima hao.

Pili, kila shehia inayopakana na hifadhi iwe na mtu aliyefunzwa kukagua uharibifu, mwenye daftari na simu ya kupigia picha, anayefika kondeni siku hiyo hiyo. Aandike mnyama gani, zao gani, eneo kiasi gani. Baada ya misimu michache tutakuwa na hesabu inayojulikana kwa mkulima na kwa Idara ya Misitu, na mabishano ya kima yupi yatapungua.

Tatu, mapato na matumizi ya hifadhi yabandikwe hadharani katika kila ofisi ya sheha, kwa Kiswahili na kwa tarakimu. Chuki nyingi kati ya vijiji vya mbele na vya nyuma ya msitu hutokana na kutojua nani alipata nini.

Nne, vichochoro vya kima viwekwe katika mipango ya matumizi ya ardhi kabla viwanja havijakatwa, na wenye ardhi hiyo walipwe kwa kuitunza. Na tano, Charawe, Ukongoroni na Chwaka wapate njia zao za kupokea wageni, ili faida ifike kule hasara inakofika.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji miujiza. Wakulima wa Pete walikubali kima wakae mashambani mwao pale walipoona haki inatendeka, na idadi ya punju iliyokutwa na watafiti ni ushahidi kwamba makubaliano hayo yalizaa. Kilichofanyika upande mmoja wa msitu kinaweza kufanyika upande wa pili.

Walinzi wa hifadhi hawatoshi kusimama chini ya kila mti, na punju zaidi ya elfu moja na nusu wanaishi pasipo na mlinzi kabisa. Huko mlinzi wao ni mkulima. Serikali na sekta ya utalii zinamtegemea kila siku bila kumlipa, na bajeti ijayo ya uhifadhi inapaswa kuanza na jina lake.